Somo: Kutoka saa 200 za kuruka hadi kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ya abiria

Wakuu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimemaliza shule ya urubani, leseni ninayo, nimetuma CV kila mahali na sijajibiwa. Nifanyeje?" Nina mapumziko ya siku mbili, acha niliandike lote kwa mkupuo. Mimi ni rubani msaidizi wa ndege ya pangaboi yenye injini mbili, Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilikuwa porini, yaani nikirusha ndege ndogo kwenye viwanja vya mbugani na visiwani. Nitaeleza njia ya kwetu, maana ndiyo niliyoipita.

Hatua ya 1: Daktari kwanza, ada baadaye

Kabla hujauza kiwanja cha familia, kapime afya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Watapima moyo, masikio, macho na uwezo wa kutofautisha rangi. Nawajua watu waliolipa ada ya mwaka mzima ndipo wakagundua kwamba nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja.

Hatua ya 2: Leseni

Hapa sikai sana, shule itakueleza. Leseni ya biashara, CPL, kwa viwango vya kimataifa ni saa 200, au 150 ukisoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Ongeza ruhusa ya injini mbili na ya kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje. Bila hizo hakuna shirika la ndege litakalofungua barua yako. Kiingereza cha redio kiwe angalau daraja la 4, na daraja hilo hupimwa upya kila baada ya miaka 3. Ukifika la 6 hawakusumbui tena.

Ukisomea Afrika Kusini au Marekani, weka akilini gharama na muda wa kubadilisha leseni ukirudi. Utafanya mitihani ya nyumbani, sheria za anga ikiwemo.

Hatua ya 3: Porini

Wengi hukwama hapa. Una saa 200, shirika linataka mzoefu, na uzoefu hauuzwi dukani. Jibu la Tanzania na Kenya kwa miaka mingi limekuwa Cessna Caravan: injini moja, abiria wasiozidi dazeni, Zanzibar asubuhi, Seronera ya Serengeti mchana, Mafia jioni.

Usitume CV kwa barua pepe ukasubiri. Nenda mwenyewe, shati limepigwa pasi, pale uwanja wa ndege wa Arusha, Wilson wa Nairobi au jengo la ndege ndogo Dar. Mimi nilianza kwa kupima abiria na mabegi kwenye mizani, miezi 7 bila kugusa usukani. Mabegi laini, kilo 15 kila mtu, na kila siku kuna mgeni mwenye sanduku gumu la kilo 28 anayetaka kukulilia. Ukimtuliza yule bila kuchelewesha ndege, rubani mkuu anakuona. Kisheria Caravan hurushwa na rubani mmoja, lakini baadhi ya wateja wa utalii hutaka wawili, na nafasi ya yule wa pili ndiyo inayomwingiza kijana.

Na porini unafundishwa mambo ambayo simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, haitoi. Kiwanja cha changarawe Serengeti kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana hewa ni nyepesi, ndege inakimbia na kukimbia haitaki kunyanyuka. Unajifunza kukataa. Unawaambia abiria watatu wasubiri safari ya pili, au unamwaga ratiba ya bosi. Unapita chini mara moja kufukuza pundamilia, unazunguka, ndipo unatua. Hayo ndiyo utakayosimulia kwenye usaili.

Hatua ya 4: Logibuku

Hili ni daftari la saa zako za kuruka. Andika kila siku, kwa wino, na jumlisha kila ukurasa. Tenganisha saa za urubani mkuu, za usiku, za vyombo na za injini mbili. Usithubutu kuandika saa za kalamu, yaani zile ulizoruka ukiwa umekaa mezani. Kila ndege ina kitabu chake cha safari, na wasaili wanajua kulinganisha. Mimi sikudanganya, ila nilikosea kujumlisha ukurasa mmoja, tofauti ya saa 11. Msaili aliiona ndani ya dakika tano. Nilipewa mwezi mzima kurekebisha, na kundi langu likaanza mafunzo bila mimi.

Hatua ya 5: Lenga ndege, si jina

Angalia nani anarusha nini. Precision wana ATR. Air Tanzania wana Q400, Airbus A220 na Boeing. Kenya Airways wana Embraer na Boeing, na Jambojet wana Q400. Pangaboi kubwa, yaani ATR na Q400, ndiyo daraja la kutoka Caravan. Mafunzo ya aina ya ndege, taipu reitingi, mara nyingi shirika hulipa na kukufunga kwa mkataba wa miaka kadhaa. Soma mkataba huo mpaka mstari wa mwisho. Kujilipia taipu reitingi ya Boeing 737 ukiwa na saa 200 na bila ahadi ya kazi ni kamari, na nimeona waliopoteza.

Hatua ya 6: Usaili

Huwa kuna mitihani ya kompyuta (hesabu za haraka, kumbukumbu, kufanya mambo mawili kwa pamoja), maswali ya kitaalamu, mazungumzo, halafu simuleta.

Hesabu za kichwani zizoee kama meza ya kuzidisha. Kushuka kwa nyuzi 3: zidisha maili zilizobaki mara 3 upate urefu kwa mamia ya futi, kwa hiyo maili 10 ni futi 3,000. Kasi ya ardhini mara 5 ni futi za kushuka kwa dakika: noti 120 (noti ni maili ya baharini kwa saa), futi 600. Njia ya kurukia ikiwa na maji, kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi (kwa psi) mara 9 ndiyo kasi ambayo tairi huanza kuteleza: shinikizo 144, noti 108. Wanapenda swali hilo.

Kwenye simuleta watazima otopailoti na kukupa ILS, yaani kutua kwa kufuata mawimbi ya redio ya uwanjani, kwa mkono mtupu. Hawatafuti fundi wa mikono tu. Wanaangalia kama unasema unachofanya, na kama mambo yakiharibika unapaa tena mapema badala ya kulazimisha.

Sasa swali lenyewe, lile linalowaangusha vijana wetu wenye adabu: "Kapteni amepita kiwango cha chini, njia haionekani, anaendelea kushuka. Utafanya nini?" Kiwango cha chini ni ule urefu ambao usipoiona njia ya kutua ukifika, lazima upae tena. Sisi tumelelewa kwa shikamoo. Kumkatiza mzee ni utovu wa nidhamu. Lakini Mei 2007 Boeing 737 ya Kenya Airways ilianguka usiku baada ya kuruka kutoka Douala, watu 114 wakafa, na uchunguzi ulitaja, pamoja na mengine, uratibu mbovu kati ya marubani wawili. Jibu wanalotaka lina ngazi: unataja unachokiona, unasema "paa tena", asipojibu unachukua usukani. Lifanyie mazoezi kwa sauti nyumbani mpaka lisikutetemeshe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa fizikia, miaka 34. Nimechelewa?*

Marahaba mwalimu. Kikomo cha kimataifa kwenye ndege za marubani wawili ni miaka 65, kwa hiyo umri bado upo. Hofu yangu ni fedha: ukimaliza utaishi kwa mshahara wa porini miaka kadhaa, tena una familia. Kaa na mwenzio mpige hesabu hiyo kabla ya nyingine zote.

*Navaa miwani. Nisahau?*

Hapana. Kiwango ni 6/9 kila jicho na 6/6 macho yote mawili, kwa miwani au bila. Utatakiwa kubeba miwani ya akiba kila safari.

*Mdogo wangu yuko Texas, anaambiwa lazima saa 1,500. Kwa nini wewe uliingia na chache?*

Hiyo ni sheria ya Marekani, iliyoanza kutumika 2013 baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009. Kwetu na Ulaya msaidizi anaweza kukaa na CPL pamoja na taipu reitingi. Saa 1,500 zinahitajika kwa leseni ya ATPL, ile ya ukapteni. Wengi kule hufundisha wanafunzi ili wazifikishe. Akipata nafasi ya kufundisha kihalali kwa visa yake, asiiache.

*Mkuu tuambie ukweli, bila mjomba ndani mtu anapata?*

Mimi sina mjomba huko. Ila simu hupigwa, hilo sikufichi. Anga yetu ni ndogo: wanampigia rubani mkuu wako wa zamani na kumuuliza swali moja tu, kama angempandisha mkewe na watoto kwenye ndege unayorusha wewe. Jibu lake unalitengeneza wewe kule porini.

*Nataka niende moja kwa moja Emirates au Qatar.*

Mashirika ya Ghuba yakiajiri kutoka nje hutafuta zaidi wenye uzoefu wa ndege za marubani wawili, hasa jeti. Pitia pangaboi, kisha jeti ya hapa, ndipo uombe.

*Kuna wakala anataka dola 800 anipeleke kwenye usaili wa shirika la Asia. Nilipe?*

Usilipe. Fungua tovuti ya shirika lenyewe, tafuta tangazo hilo. Lisipokuwepo, hakuna usaili.