Kuunganisha nyuso za kipande kinachojirudia kwenye CalculiX

Hapa Mtwara napigia hesabu bodi za saruji yenye nyuzi za makumbi ya nazi, kwa CalculiX, programu ya kukokotoa jinsi kitu kinavyohimili nguvu. Bodi nzima laptopu yangu haiiwezi, kwa hiyo nachukua kipande kimoja kinachojirudia, kama ua la mkeka: mchemraba wa milimita 10.

Anza na wavu, yaani kukigawa kipande katika vipande vidogo vinavyokutana kwenye nukta ziitwazo nodi. Nodi za uso wa kushoto zitazamane na za kulia, moja kwa moja. Gmsh, programu ya kutengeneza wavu, ina amri ya Periodic Surface kwa kazi hiyo, itumie.

Kisha weka nodi moja nje ya kipande, ya kubeba mvuto. Kwa kila jozi ya nodi zinazotazamana andika mlinganyo chini ya *EQUATION, amri ya milinganyo ya CalculiX: msogeo wa kulia, toa wa kushoto, toa wa nodi ya nje, jibu sifuri. Kuvuta kwa asilimia 1 ni kuisogeza nodi hiyo milimita 0.1. Usiandike kwa mkono jamani, lugha ya programu ya Python ipo.

Balaa liko kwenye kingo na pembe. Pembe moja imo kwenye nyuso tatu, na CalculiX huondoa msogeo unaotajwa kwanza katika kila mlinganyo. Ukiutanguliza tena katika mlinganyo mwingine, inagoma. Basi tenga makundi: ndani ya nyuso, kingo, pembe. Pembe 7 zifunge kwa ile ya nane. Katika kingo 4 za kila mwelekeo, 3 zifuate moja. Pembe hiyo ya nane izuie isisogee katika mielekeo yote mitatu, la sivyo kipande kitaelea.

Kujaribu, wape saruji na nyuzi sifa zilezile. Mkazo utoke sawa kila mahali. Ukiona madoa kwenye picha ya mkazo, kagua kingo kwanza.