Chujio la chini ya kokoto kwa bwawa la bustani, linaendeshwa na hewa tu

Wana Moshi wenzangu mnaofuga perege kwenye kabwawa ka uani, kama maji yananuka na samaki wanahema juujuu jaribuni hii. Chukua bomba za PVC za inchi moja, unga kwa viungio vya tii (vya umbo la T) na elbo (vya kona) ziwe kama ngazi chini ya bwawa, ziba ncha zote, toboa matundu ya milimita 4 upande wa chini. Kwenye kona simamisha bomba la inchi mbili lililoungwa na hiyo ngazi, mdomo wake uishie usawa wa maji. Juu ya ngazi tandaza wavu wa plastiki kisha kokoto za milimita 10 hadi 20, kina sentimita 15 hivi, na uzioshe mpaka maji yatoke meupe, hapa usifanye uvivu jamani, vumbi ndo linaziba kila kitu.

Sasa shusha mpira wa pampu ya hewa mpaka karibu na kitako cha bomba la kusimama, mapovu yakipanda yanabeba maji, na maji mengine yanavutwa kupita kwenye kokoto, wanapokaa bakteria wanaokula amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki. Pampu ikae juu kuliko maji, umeme ukikatika maji yasirudi kwenye mashine. Na usiizime usiku kuokoa luku, bakteria wanahitaji oksijeni muda wote. Anza na samaki wachache, bakteria wanachukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Baadaye ukizisafisha kokoto, usizioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, inaua hao bakteria, tumia ya bwawani.