Kupanga nyumba kando ya Ziwa, Bukavu

Ukitafuta nyumba Muhumba au Nguba, usishike bei ya mwezi peke yake. Tuseme mwenye nyumba anataka dola 200. Weka garanti (pesa ya dhamana anayoshika mwenye nyumba) ya miezi mitatu, mwezi wa kwanza, na komisyonere (dalali wa nyumba) naye akidai mwezi mmoja wake: tayari ni dola 1,000, na hujanunua hata pazia. Akitaka garanti ya miezi sita, mkumbushe kwa upole kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Wengine hushuka hapohapo.

Halafu maji. Mimi nilidanganywa na macho: baraza inatazama Ziwa Kivu, robine (bomba la maji) kavu toka Jumatatu. Nikawa nanunua bido (madumu) za maji kwa vijana wanaopandisha mlima, na kila bido ni pesa. Kwa hiyo fungua robine mwenyewe, tena jioni, uulize jirani wala si komisyonere. Uliza pia kama mita ya SNEL (shirika la umeme) ni yako peke yako au ya parseli (kiwanja) nzima. Garanti usiitoe bila karatasi yenye sahihi.