Kuchaji kifaa kilicho mwilini wakati wa joto la Malindi

Wagonjwa ninaowafundisha kuchaji huja na imani moja: sahani ya chaja, ile inayowekwa juu ya ngozi, ikipata moto, basi chaji inaingia barabara. Ni kinyume. Moto ule ni umeme uliopotea kabla ya kufika kwenye betri. Ukiusikia umezidi, shuku kwanza mahali ulipoiweka.

Nazungumzia stimuleta za kuchajiwa, yaani vifaa vilivyopandikizwa mwilini vinavyotuma mapigo madogo ya umeme kwenye neva au ubongo, ziwe za uti wa mgongo kwa maumivu sugu au za ubongo kwa ugonjwa wa Parkinson. Mwenye pesimeka ya kawaida, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, asihangaike. Betri yake haichajiwi, ikikaribia kwisha daktari hubadilisha kifaa.

Hatua ya 1: Chagua saa na mahali
Sahani hupoa kwa kutoa joto hewani. Mwezi wa Machi, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, chumba cha mabati saa nane mchana hakina hewa ya kulipokea joto hilo. Chaji alfajiri au baada ya isha, chini ya makuti ukiweza, feni ikipuliza upande wa sahani. Kijitabu cha kifaa hutaja mwisho wa joto la mahali pa kuchajia, kisome. Chaja ya kubebeka ijaze mapema, maana umeme wa huku haupigi hodi unapoondoka.

Hatua ya 2: Andaa ngozi
Futa jasho na mafuta ya nazi. Ondoa sarafu, pini, funguo na mkufu, kwa sababu uga wa sumaku wa chaja huzusha mikondo midogo ya umeme ndani ya chuma, nacho kikapata moto. Hata ganda la titani la kifaa chenyewe hupashwa hivyo hivyo, ila kidogo. Kama kijitabu kinaruhusu kitambaa, tumia tabaka moja la leso iliyochakaa. Juu ya kidonda au mshono mbichi, usiweke mpaka daktari akubali.

Hatua ya 3: Tafuta mahali penyewe
Hapa usiharakishe. Ndani ya sahani mna koili, yaani waya uliozungushwa, na ndani ya kifaa mna nyingine. Zikikabiliana, nishati hupita kwa wepesi. Sahani ikienda kombo, chaja nyingi huongeza mkondo ili kufidia, na joto la koili hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Papasa kwa vidole ukingo wa kifaa chini ya ngozi, weka sahani katikati yake, kisha isogeze polepole huku ukitazama vipimo vya mshiko kwenye skrini, vinavyoonyesha jinsi koili mbili zilivyokabiliana. Ukipata vya juu kabisa, funga mkanda ukiwa katika mkao utakaokaa nao. Mtu akifunga amesimama kisha akaketi, nyama husogea na sahani huhama.

Usiegemee godoro wala mto juu ya sahani. Kwa kifaa cha kiunoni, nawashauri wazee walalie ubavu kwenye kitanda cha kamba.

Hatua ya 4: Kaa macho
Usisinzie. Kagua ngozi kila baada ya muda mfupi, na mwenye kisukari au ganzi amwombe mtu wa nyumbani amtazamie, maana huenda asisikie kuungua. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kupandikizwa, ISO 14708-1, huanza na kanuni kwamba uso wa kifaa kilicho mwilini usipite nyuzi 2 juu ya 37 za mwili. Sahani ya nje ni habari nyingine: kwa IEC 60601-1, kiwango cha vifaa vya tiba vya umeme, ikiweza kupita nyuzi 41 mtengenezaji lazima aseme. Kwa hiyo uvuguvugu si ajabu, lakini uchungu ni amri ya kuondoa.

Hatua ya 5: Chaja ikisimama yenyewe
Mara nyingi kihisi joto kimefanya kazi yake. Iache ipoe feni ikiipuliza, rudia hatua ya 3, uendelee. Usiitie kwenye friji wala kuizungushia barafu, unyevu utaiharibu. Kuchaji kidogo kidogo mara kwa mara hupunguza joto kuliko kungoja betri iishe kabisa.

Kukandwa kwa chumvi moto juu ya kifaa, hata mgongo ukiuma vipi, acha. Na ukienda kwa mtaalamu wa viungo, mwambie una stimuleta kabla hajawasha mashine ya diathemi, ile ya kupasha mwili joto kutoka ndani: nyaya zilizo mwilini zinaweza kubeba joto lake mpaka kwenye neva au ubongo.

Wekundu usiofifia baada ya kuondoa sahani, lengelenge au uvimbe ni sababu ya kusimamisha kuchaji na kupiga simu kliniki siku hiyo hiyo.