Pedali ya breki inazama? Toa upepo hivi
Pedali ikiwa laini kama sponji mara nyingi upepo umeingia kwenye paipu, na upepo unabonyea ila mafuta ya breki hayabonyei, ndo maana nguvu ya mguu haifiki vizuri kwenye pedi za mbele wala shuu za nyuma ndani ya dramu. Tafuta mtu wa kukanyaga. Magari mengi ya usukani kulia unaanza nyuma kushoto, mbali na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali). Akanyage mara kadhaa ashikilie, we legeza nipo (kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye breki ya tairi) mapovu yatoke, kaza KABLA hajaachia, rudia mpaka yaishe, kisha tairi zingine. Kikopo cha mafuta ya breki kisikauke, ongeza DOT (aina ya mafuta ya breki) ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko. Pedali isipokuwa ngumu usiingie barabarani, tafadhali sana.