Maswali ya mchapuko usiobadilika: kabla ya fomula, panga alama za + na -

Jana usiku nimekaa na mdogo wangu wa kidato cha tatu mpaka saa tano, swali moja tu la jiwe, kwahiyo naandika likiwa bado la moto.

1. Andika herufi tano kwa kushuka chini: u kasi ya kuanzia, v kasi ya mwisho, a mchapuko (kasi inabadilika kiasi gani kila sekunde), s umbali wa kutoka mwanzo mpaka mwisho, t muda. Jaza ulichopewa. "Limeanza kutoka kusimama" ni u = 0, "likasimama" ni v = 0, namba zinajificha kwenye maneno. Kalkuleta weka mbali kabisa kwa sasa, penseli inatosha.

2. Km/h gawanya kwa 3.6. 72 inakuwa 20 m/s.

3. Hapa ndo penyewe. Swali: jiwe limerushwa juu kwa 15 m/s kutoka juu ya ghorofa la mita 20, linafika chini baada ya muda gani? Dogo kaweka u = 15, a = 10 (mchapuko wa mvutano wa dunia), s = 20 kwenye s = ut + ½at², akapata 20 = 15t + 5t², jibu sekunde 1. Namba imekaa vizuri mpaka unaiamini, ila jiwe lililoachiwa tu bila kurushwa linatumia sekunde 2 kufika chini, sasa hili lililoanza kwa kupanda limewahije? Hiyo sekunde 1 ni ya jiwe lililorushwa kwenda chini!

Chagua upande mmoja uwe chanya alafu usibadilishe mpaka mwisho wa swali. Mimi nachukua juu siku zote na nachora mshale kabisa pembeni ya karatasi. Kwahiyo u = +15, a = -10 maana mvutano unavuta chini, s = -20 maana limeishia chini ya lilipoanzia. Na s sio njia yote lililopita, limepanda mita 11.25 likashuka 31.25 lakini s inabaki -20, ni kutoka mwanzo mpaka mwisho basi. Alafu pale juu kabisa v ni 0 ila a bado ni -10, usiifute. Na a kuwa hasi sio lazima kitu kinapunguza kasi, jiwe likiwa linashuka linaongeza kasi na a ni ile ile -10.

Inakuja -20 = 15t - 5t², yani t² - 3t - 4 = 0, t ni 4 au -1, muda hasi tupa, jibu sekunde 4.

4. Fomula chagua ile isiyo na herufi ambayo hujapewa wala hutafuti:
v = u + at haina s
v² = u² + 2as haina t
s = ut + ½at² haina v
Zote ni kwa mchapuko usiobadilika tu, ukibadilika katikati gawa safari vipande.

5. Hakiki kwa fomula nyingine. v = 15 - 40 = -25, na v² = 225 + 400 = 625, zimekubaliana.