Kufundisha kujumlisha sehemu katika darasa lenye wanafunzi wa kila namna

Darasa lolote lina anayeelewa upesi akielezwa, anayesubiri mchoro, na asiyetulia mpaka ashike kitu. Tangu Neil Fleming na Colleen Mills walipochapisha VARK mwaka 1992, mfumo unaowapanga wanafunzi kwa njia wanayopenda kujifunzia (kuona, kusikia, kusoma na kuandika, au kutenda), walimu wengi wamehimizwa kumfundisha kila mwanafunzi kwa njia anayoipenda. Lakini mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipopitia tafiti mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufanya hivyo kunaongeza ufaulu. Kwa hiyo, anachopenda mwanafunzi kikusaidie kuchagua pa kuanzia. Njia kuu ya kufundishia iamuliwe na mada yenyewe.

Tuchukue 1/2 + 1/4, mada inayowasumbua watoto wengi. Jibu la 2/6 hutokea kwa sababu mtoto anajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, kana kwamba ni namba nzima. Hapa maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi, hata kwa yule anayependa kusikiliza. Lazima wote wapime.

Andaa tepe za karatasi. Kata karatasi ya A4 kwa urefu, kila utepe upana wa sentimita 3, kisha punguza urefu ubaki sentimita 24. Karatasi moja hutoa tepe 7. Darasa la wanafunzi 60 wakikaa wawili wawili, kila jozi tepe mbili, karatasi 9 zinatosha. Usiache urefu wa A4 ulivyo: 29.7 haigawanyiki vizuri, na vipimo vya watoto vitapishana. 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8.

Utepe wa kwanza wakunje mara mbili, wapate robo nne. Watie rangi nusu, halafu robo moja zaidi, wapime: sentimita 18, yaani 3/4. Utepe wa pili waweke alama kila sentimita 4, watie rangi 2/6. Ni sentimita 8. Sasa uliza: tulianza na nusu, sentimita 12, tukaongeza, imekuwaje tukabaki na 8? Nyamaza, wape muda wabishane. Ukijibu haraka umewanyima somo lenyewe.

Baada ya hapo chora tepe hizo ubaoni, andika 2/4 + 1/4 chini yake, na kila mmoja amweleze jirani yake kwa nini asili haijumlishwi. Wabadilishane: mmoja akunje, mwingine aandike, kisha wapokezane, la sivyo mchangamfu atafanya yote na mwenzake atabaki mtazamaji. Wimbo utumie kwenye jedwali la kuzidisha. Kwenye sehemu watoto wataukariri bila kuelewa.

Usiunde makundi ya kudumu ya "wasikilizaji" na "watazamaji". Mtoto akishaitwa msikilizaji ataacha kusoma mchoro, na mtihani hautamhurumia. Mwenye uoni hafifu au asiyesikia vizuri ni suala jingine kabisa: hilo ni hitaji, mpe nafasi ya mbele na maandishi makubwa kila kipindi.

Dakika tano za mwisho kusanya tepe, toa maswali matatu. Kesho yake anza na swali moja la aina hiyohiyo. Wengi wakirudia kosa lilelile, rudi kwenye tepe. Makosa yakiwa tofautitofauti, pita dawatini, umwombe kila mmoja akuoneshe alivyofanya.